Sinki la Zaitun Lililokaa Mshazari

Zaitun, mke mwenzangu, alifika mlangoni kwangu hapa Ujiji miaka ile ya tisini, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakishuka Kagunga na Kibirizi, mtumbwi baada ya mtumbwi. Alikuwa na mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika kanga, na kichwani ndoo ya bati iliyofunikwa kitambaa. Mimi nikadhani ndoo ile ina nguo, au labda unga. Alipoitua na kuifunua nikaona koki ya bomba. Koki ya shaba, nzito, bado ina plasta ya ukuta ilikong'olewa.

Nikamwuliza, "Umeacha masufuria ukabeba bomba?"

"Oya, Bi mkubwa," akakataa kwa Kirundi chake. "Sufuria hata wewe utaniazima. Robine hii niliinunua mwenyewe, nikaifunga mwenyewe. Nyumba wamenichomea. Robine siwaachii."

Kwao Bujumbura koki wanaiita robine. Nami siku ile ile, kabla hata hajanywa maji, nikajua mwanamke huyu tutagombana sana.

Mume wetu alikuwa mmoja, marehemu Zubery. Alikuwa anafanya biashara ya mawese na vitenge kati ya Ujiji na Bujumbura. Huku alinioa mimi, Nasma, na kule mtaa wa Buyenzi akamwoa yeye. Miaka mingi tulijuana kwa jina tu, na kwa salamu za mafumbo ambazo Zubery alizibeba huku na huku, maskini, bila kujua kama ni matusi. Ziwa likamchukua kabla vita havijafika mtaani kwa Zaitun. Nilikuwa nimeapa mbele ya mashoga zangu kwamba yule mwanamke hatakanyaga kizingiti changu. Basi akakikanyaga, na watoto wake wana paji la uso la Zubery, lile pana lenye mshipa katikati. Ningewafukuza vipi? Nikawapa vyumba vya uani.

Wenye maneno wakasema nimeogopa kulaaniwa na marehemu. Mimi siogopi marehemu. Nilifanya nilichotaka, kwenye nyumba niliyoingia kama bibi harusi.

Aliyechukia ni shemeji yangu Khalfani, mdogo wake Zubery. Nyumba ilikuwa ya baba yao, kwa hiyo alikuwa na sauti, ingawa mwenyewe alihamia Kigoma mjini tangu ujana na kwetu alikuja siku za Idi tu. Wakati ule mashirika ya kuhudumia wakimbizi yalikuwa yamejaa Kigoma, na wafanyakazi wao walitafuta vyumba kila kona. Kila mwenye banda alijiona tajiri. Khalfani naye akavitamani vile vyumba vya uani awapangishe hao watu. Ajabu ya Mungu: kumtoa mkimbizi ili alale aliyekuja kumsaidia mkimbizi.

Alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Shemeji," akasema, "mkimbizi ana kambi yake. Kule amewekewa hema, mahindi na choo."

"Huyu ni mke wa kaka yako."

"Kaka yangu hayupo. Aliyebaki ni mkimbizi."

"Na wale watoto?"

"Nawaonea huruma, shemeji. Bafu lenyewe mnaliona. Haliwezi watu wote hawa."

Hapo alikuwa amegusa penyewe, maana bafu letu lilikuwa aibu. Lilikuwa uani, vyumba viwili vidogo vya matofali ya kuchoma, kimoja cha kuogea, kimoja cha choo. Bomba lililopita ukutani lilivuja kwenye kiungo mpaka ukuta ukaota ukungu wa kijani. Koki haikufunga, siku maji yakitoka ilitiririka kutwa, siku yasipotoka ilipiga miluzi. Sakafu ilikuwa imebonyea katikati, maji ya kuogea yanatuama, yakishiba yanapenya chini ya ukuta na kwenda barabarani, mpaka kwenye mlango wa jirani yetu, Mwalimu Swaibu wa madrasa. Choo kilikuwa tundu kwenye zege na kifuniko cha mbao. Harufu yake usiniulize. Tulipokuwa wachache tulivumilia.

Khalfani hakupiga kelele. Alikwenda kumleta bwana afya.

Bwana afya aliitwa Pastory, Muha wa juu huko Kasulu, mtu mpole, anasema "samahani mama" kabla ya kila neno. Akazunguka na kijiti chake, akagusa ukuta, akafunua kifuniko na kukirudisha haraka.

"Samahani mama. Maji haya hayaruhusiwi barabarani. Hilo bomba lizibwe. Na hapa chooni pawekwe sinki lenye shingo ya maji, harufu na nzi wasipande. Nitarudi. Nikikuta hivi hivi, samahani, wanaokaa uani watatoka wote, na bafu nitalifunga."

Khalfani aliangalia juu kama mtu anayehesabu ndege. Zaitun alikuwa anafua. Akakamua kanga, akaitundika, akasema bila kugeuka, "Rudi tu, bwana afya. Na uje na kiu ya kuoga."

Tukamtafuta fundi bomba wa mtaa, Elia. Alifika asubuhi na mfuko wake wa vifaa, lakini hakuingia. Akasimama mlangoni anajikuna shingo.

"Mama Nasma, mimi na nyie hatuna ugomvi. Ila Bwana Khalfani amenipa kazi nyumbani kwake mjini, na amesema nikigusa bomba lenu kazi ile sina. Na mafundi wengine amewapitia."

"Kwa hiyo umekuja kutuambia kwaheri?" nikamuuliza.

Zaitun akatokea nyuma yangu. "Fundi, umekatazwa kugusa bomba?"

"Ndiyo, mama."

"Umekatazwa kusahau mfuko?"

Elia akamtazama, akautazama mfuko. Akauweka chini taratibu pembeni ya mlango. "Mimi ni msahaulifu sana," akasema, akaenda zake. Ndani tulikuta spana ya bomba, tindo, mwiko na furushi la katani. Mungu ampe afya popote alipo.

Sasa msinielewe vibaya. Zaitun hakuwa fundi. Alijua koki, kwa sababu kwao Zubery alikuwa safarini daima na koki haingojei mume. Mengine yote alikuwa anabahatisha, na mimi nilibahatisha naye. Tulianza na lile bomba linalovuja. Yeye akalifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, akavuta, akakaza, akapiga fundo. Tukajisifu. Maji yalipokuja kwa nguvu asubuhi, fundo likafumuka na kuturushia wote wawili usoni.

Jirani mmoja aliyekuwa anapita akacheka, "Ehe! Siku hizi mmekuwa mafundi?"

"Tumekuwa waume," Zaitun akamjibu huku anapangusa macho. "Waliokuwepo wamekufa, waliobaki wamekatazwa."

Mpira tukautupa. Tukafunga maji kule mwanzo wa bomba, tukakifungua kile kiungo kwa spana ya Elia, mimi nimeshika huku, yeye anazungusha kule, tunatukanana. Meno ya bomba yalikuwa yameliwa na kutu. Tukayasugua kwa brashi ya waya, tukayavika katani iliyopakwa rangi ya mafuta, tukakaza mpaka mikono ikatetemeka. Kikashika. Ukuta ule haujawahi kulowa tena.

Kisha akafunga robine yake ya Buyenzi mahali pa koki yetu ya zamani. Ikadondosha. Akaifungua, akaichungulia, akasema mpira wa ndani umekufa. Akaondoka. Aliporudi alikuwa na kandambili yangu, ile mpya niliyoinunua kwa ajili ya Idi, na kisigino tayari amekitoboa duara.

"Zaitun! Kandambili yangu!"

"Bi mkubwa, unataka kandambili au unataka maji?"

"Ungekata yako!"

"Yangu imeisha, ni nyembamba. Nimetembea nayo kutoka Burundi."

Kile kipande akakichonga, akakitia ndani ya koki, akafunga. Tone likaning'inia mdomoni mwa koki, likakaa, halikudondoka. Mwaka huo niliswali Idi na viatu vya kufungwa.

Sakafu ndiyo iliyotutoa jasho. Tulivunja ile iliyobonyea, tukachanganya simenti na mchanga wa ufukweni tuliouosha, tukamwaga zege, tukalainisha. Ilipendeza kama meza. Ilipoanza kushika, Zaitun akamwaga kopo la maji kuona yanaelekea wapi. Maji yakafikiri kidogo, kisha yakatoka mlangoni na kutulowesha miguu.

"Umeinua upande gani?" akauliza.

"Ule ulioniambia."

"Mimi nilisema chini kwa tundu!"

"Ulisema juu kwa tundu. Kirundi chako hicho kinachanganya watu."

"Nilisema Kiswahili!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye tope. Ndiyo mara ya kwanza nilicheka na mwanamke yule. Halafu tukaibomoa kabla haijakauka vizuri. Mara ya pili tulijaza chupa maji na kuacha nafasi kidogo ya hewa; tukailaza sakafuni, na kile kipovu kikatuonyesha upande ulio juu. Tukainua mlangoni, tukashusha kwenye tundu. Nje tukachimba karo la kunyonya maji machafu, tukalijaza mawe tuliyookota ziwani, tukalifunika. Kutoka siku ile maji ya kuogea yanazama humo, wala mlango wa Mwalimu Swaibu haukulowa tena.

Likabaki sinki. Tulipata dukani la kuchuchumaa, lina ufa mdogo pembezoni. Shingo yake inashika maji kidogo, na hayo ndiyo yanayozuia harufu. Mimi nikasema tulikalishe sambamba na ukuta, kama watu wote. Zaitun akakataa.

"Tukilinyoosha na ukuta, mtu si ataipa kibla nusu ya mgongo?"

Nikafikiri. Sisi Waislamu hatuchuchumai chooni kwa kuielekea kibla wala kuipa mgongo. Ni adabu tuliyolelewa nayo. Na nyumba yetu ina jambo lake. Baba mkwe aliijenga kwa kufuata barabara, hakufuata kibla. Kwa hiyo mkeka wa swala kwetu haulali sambamba na ukuta, unalala mshazari, kutoka kona ya chumba hadi kona. Kila mgeni anayeswali kwetu huutandika kwa kufuata ukuta, na kila mgeni tunamgeuzia. Zaitun nilimgeuzia siku ya kwanza alipofika, sikulazimika kurudia.

Akaleta mkeka, akautandika mlangoni mwa choo mshazari kama wa ndani, akaliweka sinki likiukingama, ili anayechuchumaa aipe kibla ubavu. Tukalijengea hapo. Kwa anayeingia bila kujua, lilionekana limelewa. Limekaa upande kabisa, kona inatazama kona.

"Watatucheka," nikasema.

"Wacheke. Watakaochuchumaa ni sisi."

Pastory alirudi mchana, na Khalfani nyuma yake, na kanzu nyingine. Mwalimu Swaibu naye alikuwa ameingia uani, amekuja kuliangalia lile karo ambalo lilimwokolea mlango wake. Mzee yule, fimbo mkononi, alikuwa ameifundisha nusu ya mtaa, Khalfani akiwamo.

Bwana afya akafungua koki, akafunga. Akaingiza kidole mdomoni mwa koki, pakavu. Akapapasa ukuta. Akamwaga ndoo nzima sakafuni na kuyafuata maji kwa macho mpaka yakatoweka. Akaenda chooni, akavuta pumzi kwa pua waziwazi, akavuta tena.

"Samahani mama," akasema. "Sina neno. Hapa ni safi kuliko kwangu. Ila nauliza tu, mbona sinki limekaa upande?"

Khalfani akaangua kicheko. "Kazi ya wanawake hiyo! Hata kunyoosha sinki! Tena subiri." Akaacha kucheka. Nilimwona jinsi wazo lilivyomjia. "Subiri. Kibla ni kule," akanyoosha mkono moja kwa moja kuelekea ukuta wa pembeni. "Lilivyogeuzwa hivi linaipa kibla mgongo. Mwalimu, njoo ushuhudie! Mkimbizi kaingia kwenye nyumba ya baba yangu, na sasa wanaume wa nyumba hii wataigeuzia kibla makalio."

"Mimi hilo si langu," Pastory akasema haraka. "Mimi ni Mkatoliki."

"Ni langu mimi," Khalfani akasema. "Nyumba ambayo choo chake kimenajisi kibla mimi siitaki iwe na mtu huyu. Leo wanatoka."

Mwalimu akakohoa. "Penye ukuta na paa, Khalfani, wanachuoni wamelegeza. Lakini wewe unasema kibla ni kule?"

"Kule kule, Mwalimu. Si humu nimelelewa?"

"Una hakika?"

"Nikikosea, mimi si mwenye nyumba hii."

Alisema hivyo, mbele ya Mwalimu, mbele ya bwana afya, mbele ya majirani waliokuwa wamechungulia juu ya uzio. Hakuna aliyemwambia aseme.

"Basi twende ndani," Mwalimu akasema. "Unitandikie mkeka."

Tukaingia sebuleni sote, hata Pastory akavua viatu. Khalfani akauchukua mkeka ukutani, akaukung'uta kwa madaha, akautandika. Akaunyoosha sambamba na ukuta, sawasawa, hata akainama kuweka pembe vizuri.

Mimi niliuma mdomo kwa ndani.

"Hivi ndivyo mnavyoswali humu?" Mwalimu akauliza. Hakumwuliza Khalfani. Alimwuliza Zaitun.

"Hapana, Mwalimu," Zaitun akasema. "Hivyo anaswali mgeni."

Akainama, akashika pembe ya mkeka kwa mikono miwili, akaugeuza polepole mpaka ukalala kona kwa kona.

Mwalimu Swaibu akaitikia kwa kichwa. "Mihrabu ya msikiti wetu inatazama hapo hapo. Baba yako, Mungu amrehemu, aliswali hivyo mpaka siku anakufa. Wewe, Khalfani, mara ya mwisho kuswali humu ilikuwa lini?"

Khalfani akautazama mkeka kama anayetazama nyoka. Nafasi hiyo niliingoja kwa muda mrefu, sitadanganya, na niliichukua.

"Shemeji," nikasema, "umesikia ulichoapa. Nyumba haina mkimbizi. Ina mgeni mmoja, na ndiye huyo aliyetandika."

"Bi Nasma, usinidhalilishe mbele ya watu."

"Watu umewaita wewe."

Pastory alikuwa anavaa viatu taratibu sana, kama mtu asiyetaka kukosa neno. Hapo gari likapiga honi barabarani. Kumbe Khalfani alikuwa ameshawaita wapangaji waje siku ile ile kuona vyumba, uhakika alikuwa nao kabla bwana afya hajatoa neno. Akashuka kijana wa shirika, shati jeupe, karatasi mkononi, akaingia na adabu zake.

"Shikamooni. Nimeambiwa hapa kuna vyumba vya uani. Mwenye nyumba ni nani?"

Khalfani akafungua mdomo. Mwalimu Swaibu akagonga fimbo chini, si kwa nguvu. Mdomo ukajifunga.

Zaitun akajitokeza mlangoni. Alikuwa na simenti iliyokauka kwenye kucha na kitambaa cha kazi kichwani.

"Marahaba. Wenye nyumba ni sisi, mimi na dada yangu huyu."

Dada. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Vyumba vipo, mama?"

"Vipo."

"Naweza kuviona?"

"Vina watu."

"Watu gani? Wanahama lini?"

"Wenyewe," Zaitun akasema. "Hawahami."

Yule kijana akamgeukia Khalfani, maana ndiye aliyemwita. Khalfani akaangalia vidole vyake vya miguu, akachukua kofia yake, akatoka akapita pembeni ya gari bila kumuaga yeyote. Gari nalo likageuza.

Zaitun akaurudisha mkeka ukutani, akaenda uani kuwafungulia watoto maji waoge.